Katika Kulitamka Neno Usanisinuru na Kuzijua Sehemu Zake

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake: alinijia kijana mmoja baada ya darsa ya alasiri, hapa Mji Mkongwe, naye ana kitabu chake cha skuli cha elimu ya viumbe. Akasoma "usánisinuru", kisha akafasiri kwamba jani hufanya nuru. Amekosa katika tamko, akakosa na katika maana.

Jua, ewe ndugu, ya kuwa silabi ya Kiswahili aghlabu huishia kwa irabu. Basi likate neno hivi: u-sa-ni-si-nu-ru. Ni silabi sita, na mkazo huangukia ya pili kutoka mwisho, yaani nu. Wako waliouita mkazo huo shadda. Mimi silipendi jina hilo, kwani shadda kwetu madrasani ni kuikaza herufi ikawa mbili. Na yako maneno machache yaliyotoka katika kanuni hii, kama barábara, kwa maana ya sawasawa. Ukisema barabára, umetaja njia.

Sehemu zake ni usanisi, ndiko kuunda kitu kwa kuunganisha vingine, na nuru. Usanisi likiwa peke yake, mkazo uko juu ya ni. Likiungwa na nuru, mkazo mkuu huhamia nu, na sikio likatambua kuwa hili ni neno moja. Lakini nu hiyo usiivute harakati mbili kama uisomavyo katika Suratu Nnur. Wala usiichukue desturi ya Kiswahili ukaipunguza madd ya asili katika Qur'ani, maana hiyo ni lahni.

Ama maana, jani la mkarafuu halifanyi nuru. Hupokea nuru ya jua, na kwa nguvu yake huunganisha maji yaliyopanda kutoka mizizini na hewa ukaa iliyoingia kwa vitundu vya jani, ikapatikana sukari, na oksijeni ikatoka. Nuru hapa ni ya kufanyia kazi. Kuungana kwa maneno hakukwambii moja lina nini na jenziwe: mwanamaji hakuzaliwa na maji! Hilo huulizwa wenye fani yao.

Nikamwamuru asome tena. Akasoma "usanisinúru" vizuri kabisa, kisha akaniuliza: "Sheikh, na usiku je, jani hula nini?" Nikamrudisha kwa mwalimu wake wa skuli.