Maneno ya Kiebrania ya Uchaguzi na Namna Israeli Inavyopiga Kura

Tarehe 10 Februari 2009 Waisraeli walipiga kura, na chama cha Kadima kilichoongozwa na Tzipi Livni kikatoka cha kwanza kwa viti 28. Likud ya Benjamin Netanyahu ilifuata kwa viti 27. Kwa msomaji aliyezoea chaguzi zetu, hapo habari imekwisha: Livni kashinda. Lakini Machi 31 aliyeapishwa kuwa waziri mkuu alikuwa Netanyahu, na Livni akaketi upande wa upinzani. Haikuwa hila. Ndivyo mfumo wao ulivyo, na asiyejua maneno yake machache ataipotosha habari kila msimu wa uchaguzi unapofika.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji wa habari za kimataifa, kwa mtangazaji na mfasiri, na kwa vijana wa Kenya na Tanzania wanaokwenda Israeli kwa kazi za mashamba na mafunzo ya kilimo, ambao huyasikia maneno haya redioni na kuyaona ukutani bila mtu wa kuwaeleza.

Tuanze na matamshi, maana si magumu kwetu. Kiebrania huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu. Mkazo mara nyingi huangukia silabi ya mwisho, si ya pili kutoka mwisho kama katika Kiswahili. Sauti ninayoiandika hapa kwa kh ni ile ya wazee wa pwani wanapotamka kheri na Khamisi. Ukiona ha- mwanzoni mwa neno, ichukue kama al- ya Kiarabu: inaonyesha kwamba kitu kinachotajwa kinajulikana.

Kituoni

Uchaguzi ni bekhirot (בחירות), neno linalotokana na kitenzi cha kuchagua. Mpiga kura mwanamume ni bokher, mwanamke ni bokheret. Kiebrania hutenganisha jinsia kila mahali. Kupiga kura ni lehatzbia, na tendo lenyewe ni hatzbaa. Asili yake ni etzba, kidole, kwa sababu mtu aliyekubali jambo mkutanini alinyoosha kidole. Pamoja na hayo, Israeli hakuna kupaka kidole wino. Kinachozuia mtu kupiga kura mara mbili ni daftari la wapiga kura, pinkas habokharim, na daftari hilo halina foleni za kujiandikisha: kila raia aliyetimiza miaka 18 huingizwa moja kwa moja kutoka katika rejista ya wakazi.

Neno litakalokutana nawe kila kona siku hiyo ni kalpi (קלפי). Lina maana mbili, nazo huwachanganya wafasiri: ni sanduku la kura, na pia ni kituo cha kupigia kura. Ukisikia kwamba kalpiyot zaidi ya 10,000 zimefunguliwa, hivyo ni vituo, si masanduku yaliyovunjwa lakiri. Ni neno kongwe, la asili ya Kigiriki. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ndicho chombo ambacho kuhani mkuu alitumbukiza mikono kutoa kura za wale mbuzi wawili wa Siku ya Upatanisho wanaosimuliwa katika Mambo ya Walawi sura ya 16. Neno letu kura nalo lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana hiyo hiyo ya kuamua jambo kwa bahati, kwa hiyo lugha hizi mbili zimepita njia moja.

Kituo kwa kawaida huwa darasa la shule. Nyuma ya meza wanakaa wajumbe wa vaadat hakalpi, kamati ya kituo, ambao wametoka katika vyama mbalimbali. Kazi yao inakaribiana na ya mawakala wetu, ila wao ndio wanaoendesha kituo. Mpiga kura anawakabidhi teudat zehut, kitambulisho chake. Jina likionekana daftarini anapewa maatafa, bahasha, iliyo tupu. Anaingia nyuma ya kituturi, na huko hakuti karatasi moja ndefu yenye picha za wagombea. Anakuta trei yenye mafungu ya karatasi ndogo, kila chama na fungu lake. Karatasi hiyo huitwa petek (פתק). Anachukua moja, anaitia kwenye bahasha, anatoka, anaitumbukiza kalpi, anarudishiwa kitambulisho. Kalamu haitumiki, ila kwa anayechukua petek tupu ili aandike kwa mkono herufi za orodha anayoitaka. Ukiiacha tupu hivyo hivyo, inakuwa petek lavan, karatasi nyeupe, njia ya kuonyesha kwamba hukumpenda yeyote. Itahesabiwa pamoja na kolot psulim, kura zilizoharibika, kama ilivyo kwa bahasha yenye petek za vyama viwili.

Itazame petek kwa makini. Katikati kuna herufi moja hadi tatu, kubwa mno, na chini yake jina la chama kwa maandishi madogo. Mpiga kura huchagua herufi. Likud ni מחל, Shas ni שס. Chama cha Kazi kilirithi אמת, emet, yaani kweli; ni herufi za vyama vilivyoungana katika miaka ya 1960, na bahati iliyoje kuzipanga zikatoa neno kama hilo. Yesh Atid ya Yair Lapid ina פה, inayosomeka po, maana yake hapa. Msemaji wa Kiswahili hatalisahau. Orodha ya Benny Gantz mwaka 2022 ilikuwa na כן, ken, ndiyo. Ndiyo maana mabango ya kampeni hucheza na maneno hayo, na mgeni akasoma ukutani "ndiyo" asijue ni ndiyo ya nini.

Kura zinavyogeuka viti

Bunge ni Knesset, nalo lina wabunge 120. Mbunge mwanamume ni khaver Knesset, mwanamke khavrat Knesset. Magazeti hufupisha kuwa ח״כ, husomwa khak. Na hapa ndipo penye kosa linalorudiwa mno katika habari zetu: hakuna mbunge wa jimbo. Nchi nzima ni jimbo moja. Watu hupigia reshima, orodha ya chama, na viti hugawanywa kulingana na wingi wa kura. Mtanzania anayejua jinsi viti maalumu vinavyopatikana anaweza kuanzia hapo: Israeli viti vyote 120 hupatikana kwa orodha. Kwa hiyo vita vikali vya mwanasiasa hupiganwa ndani ya chama, akitafuta makom reali, yaani nafasi ya juu orodhani inayompa tumaini la kweli la kuingia.

Kiti kimoja huitwa mandat, wingi mandatim. Lakini kwanza chama kivuke akhuz hakhasima, kizingiti cha asilimia 3.25 ya kura halali kilichowekwa mwaka 2014. Anayevuka hupata takriban viti vinne kwa mara moja. Asiyevuka hapati hata kimoja, na kura zake zote zimepotea. Ningelikuwa na nafasi ya kumfundisha mwanahabari neno moja tu la Kiebrania, ningelichagua hili. Mwaka 2022 chama cha Meretz kilipata takriban asilimia 3.16, na Balad takriban 2.9. Vyote viwili, vilivyompinga Netanyahu, vilibaki nje, na kambi yake ikapata viti 64 na kurudi madarakani. Tofauti ya kura baina ya kambi mbili haikuwa kubwa hata kidogo. Kizingiti ndicho kilichoamua.

Vyama viwili vinaweza kutia saini heskem odafim, mkataba wa kura za ziada, ili mabaki ya kura zao yajumlishwe wakati wa kugawa viti vya mwisho. Ugawaji huo hufuata kanuni iitwayo Bader-Ofer, kwa majina ya wabunge wawili walioipitisha mwaka 1973, na huvinufaisha zaidi vyama vikubwa.

Usiku wa matokeo

Msimamizi mkuu ni vaadat habekhirot hamerkazit, Kamati Kuu ya Uchaguzi, inayoongozwa na jaji wa Mahakama ya Juu. Vituo hufungwa saa nne usiku, na dakika hiyo hiyo televisheni hutangaza midgam. Hayo si matokeo. Ni makadirio yatokanayo na sampuli ya wapiga kura walioombwa kurudia kura yao nje ya kituo. Tofauti yake na seker, kura ya maoni ya kabla ya uchaguzi, ni kwamba midgam huwauliza waliokwisha kupiga kura. Inaweza kukosea vibaya. Mei 1996, walipomchagua waziri mkuu moja kwa moja, midgam ilimpa Shimon Peres uongozi mdogo; kulipokucha Netanyahu ndiye aliyeshinda, kwa tofauti isiyofika kura 30,000.

Neno jingine la usiku huo ni akhuz hahatzbaa, asilimia ya waliojitokeza. Usilichanganye na akhuz hakhasima, maana yote mawili huanza sawa na hutajwa katika sentensi moja.

Halafu kuna maatafot kfulot, bahasha mbili. Askari, wagonjwa waliolazwa, wafungwa na wanadiplomasia walio nje hupiga kura mbali na kituo chao. Kura yao huwekwa katika bahasha ya kawaida, kisha hiyo ikatiwa katika nyingine yenye jina na namba ya kitambulisho, ili ihakikishwe kwamba hawakupiga kura pengine. Huhesabiwa mwisho kabisa, Jerusalem. Aprili 2019 chama cha Naftali Bennett kilizisubiri bahasha hizo kwa matumaini ya kura za askari, kikaishia asilimia 3.22, nje ya Bunge. Miaka miwili baadaye Bennett huyo huyo akawa waziri mkuu. Raia wa kawaida anayeishi ughaibuni hana bahasha ya aina yoyote. Akitaka kupiga kura, sharti apande ndege arudi.

Baada ya kura

Rais wa Israeli, nasi, hatawali. Huchaguliwa na Knesset kwa kipindi kimoja cha miaka saba, na kazi yake nzito zaidi huja baada ya uchaguzi. Hukutana na wawakilishi wa kila orodha iliyoingia bungeni, akawauliza wanampendekeza nani, kisha humkabidhi mbunge mmoja jukumu la kuunda serikali, harkavat memshala. Jukumu hilo nalo huitwa mandat! Basi ukisoma kwamba kiongozi "amepata mandatim 32", hivyo ni viti. Ukisoma kwamba "amepokea hamandat", hiyo ni idhini ya rais. Aliyeipokea ana siku 28, na rais anaweza kumwongezea 14. Akishindwa, anaweza kujaribu mwingine. Wote wakishindwa, wabunge wenyewe wana siku 21 za kumpata mtu mwenye saini za wenzake 61, la sivyo nchi inarudi kalpi.

Waisraeli walipiga kura mara tano tangu Aprili 2019 hadi Novemba 2022. Namba inayotafutwa kwa kawaida ni 61. Vyama vinavyoelekeana kimsimamo huitwa gush, kambi, na kambi yenye 61 ndiyo huunda koalitzia. Wengine ni opozitzia. Wakati mazungumzo yakiendelea, serikali iliyopo hubaki kama memshelet maavar, serikali ya mpito. Viongozi wawili wakikubaliana kupokezana uwaziri mkuu, hiyo ni rotatzia, kama walivyofanya Peres na Yitzhak Shamir kuanzia 1984, na Bennett na Lapid mwaka 2021. Serikali hiyo ya 2021 ilipita kwa kura 60 dhidi ya 59, ikiungwa mkono na Raam ya Mansour Abbas, chama huru cha Kiarabu cha kwanza kuingia katika muungano unaotawala.

Kwa msomaji aliye Israeli

Kura ya Knesset ni ya ezrakh, raia, pekee. Waarabu wenye uraia, ambao ni kama mtu mmoja kati ya watano nchini, wanapiga kura na kugombea. Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza hawapigi kura hiyo, ilhali walowezi wa Kiisraeli wanaoishi Ukingo wa Magharibi wanapiga. Mfanyakazi au mwanafunzi mwenye viza hana kura, na asikubali kushawishiwa na yeyote kushiriki kwa kitambulisho cha mtu mwingine.

Chaguzi za miji ni jambo tofauti. Humo mtu hupiga kura akiwa na miaka 17, na mkazi wa kudumu anaruhusiwa hata kama si raia. Petek huwa mbili: ya njano kwa ajili ya rosh ir, meya, na nyeupe kwa ajili ya baraza. Rosh ni kichwa, neno ndugu na ra's ya Kiarabu iliyotupa rasi, na utalikuta tena katika rosh hamemshala, waziri mkuu. Asipopatikana mgombea wa umeya mwenye angalau asilimia 40, hufanyika sivuv sheni, duru ya pili.

Kwa hiyo matokeo ya Israeli yakija mezani pako saa nne na nusu usiku, angalia kwanza kama ni midgam au ni hesabu ya kura. Angalia ni chama gani kinaning'inia karibu na asilimia 3.25. Jumlisha viti vya kila gush. Subiri bahasha mbili. Na usimwandike mtu kuwa ameshinda uwaziri mkuu mpaka Knesset iipigie serikali yake kura ya imani.