Jua Haki Zako: Bima ya Medigap kwa Wazee Wenye Medicare Marekani

Medicare ni bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani kwa watu waliotimiza miaka 65, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu na wagonjwa wa figo ambao hawajafika umri huo. Sheria iliyoianzisha ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Bima hii hailipi gharama yote ya matibabu. Mara nyingi kuna sehemu ya bili inayomwangukia mgonjwa mwenyewe. Sehemu hiyo huzibwa na bima ya ziada iitwayo Medigap, ambayo huuzwa na kampuni binafsi kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Masharti hayo yanampa mzee ulinzi mkubwa, lakini ulinzi ulio mkubwa kuliko wote hudumu miezi 6 tu, na wengi huukosa kwa kutojua.

Kinacholipwa na Medicare

Medicare ya asili ina sehemu mbili. Sehemu A hugharimia kulazwa hospitalini na uuguzi wa muda mfupi baada ya kulazwa. Sehemu B hugharimia madaktari, vipimo, matibabu yasiyohitaji kulazwa na vifaa kama viti vya magurudumu. Dawa zinazonunuliwa duka la dawa ziko chini ya Sehemu D, ambayo mtu hujiunga nayo kando.

Aliyekatwa kodi ya Medicare kazini kwa muda wa takriban miaka 10, yeye au mwenzi wake wa ndoa, halipii ada ya Sehemu A. Sehemu B ina ada ya kila mwezi, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa watu wengi. Mhamiaji asiye na miaka hiyo ya kazi anaweza kununua Medicare akiwa na ukaazi wa kudumu na akiwa ameishi nchini miaka 5 mfululizo. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iliwaondoa kwenye Medicare wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu, hata kama wamechangia kazini. Makundi machache tu ya wasio raia yalibakizwa kwenye Medicare. Jambo hili linazigusa familia nyingi kutoka Kongo na Burundi zilizopokewa Marekani kama wakimbizi. Mzee wa familia hizo anapaswa kuombewa ukaazi wa kudumu mapema, bila kungoja afike miaka 65.

Pengo linalobaki

Mwaka 2025, aliyelazwa alitakiwa kulipa dola 1,676 za mwanzo kabla Sehemu A haijaanza kulipa. Kiasi hicho hakitozwi mara moja kwa mwaka. Mgonjwa akikaa siku 60 mfululizo bila huduma ya hospitali kisha akalazwa tena, hulipa upya. Akilazwa zaidi ya siku 60 kwa mkupuo, kuanzia siku ya 61 hadi ya 90 alitakiwa kuchangia dola 419 kila siku.

Kwa Sehemu B, mgonjwa alilipa dola 257 za kwanza za mwaka, kisha asilimia 20 ya gharama iliyokubaliwa kwa huduma nyingi. Asilimia hiyo haina kikomo. Matibabu ya saratani ya dola 50,000 humwachia mgonjwa deni la karibu dola 10,000, na yakifika dola 100,000, deni huwa maradufu. Hapo ndipo akiba ya maisha yote inapoweza kuteketea.

Jinsi Medigap inavyofanya kazi

Mwenye Medigap lazima awe na Sehemu A na Sehemu B. Daktari hupeleka bili Medicare kwanza. Medicare ikishalipa fungu lake, kampuni ya bima hulipa fungu la mgonjwa kadiri ya mpango alionao. Kila mtu hukatiwa bima yake, hivyo mume na mke huhitaji mikataba miwili.

Mipango hutambulishwa kwa herufi: A, B, C, D, F, G, K, L, M na N. Sheria imesawazisha mafao ya kila herufi, kiasi kwamba Mpango G wa kampuni moja unalipa mafao ya msingi yale yale yanayolipwa na Mpango G wa kampuni nyingine. Kinachotofautiana hasa ni bei. Kwa hiyo njia ya kweli ya kulinganisha ni kuchagua herufi kwanza, kisha kuuliza bei ya herufi hiyo kwa kampuni kadhaa, na kuuliza pia kama bei hupanda kadiri mwenye bima anavyozeeka. Majimbo ya Massachusetts, Minnesota na Wisconsin yana mipango yao tofauti.

Mipango C na F haiuzwi kwa waliostahili Medicare kuanzia Januari 1, 2020. Kwa hao, Mpango G ndio mpana zaidi: huziba karibu mapengo yote ya Sehemu A na B, isipokuwa zile dola za kwanza za mwaka za Sehemu B. Mpango N kwa kawaida una ada nafuu zaidi, lakini mgonjwa huweza kutozwa hadi dola 20 anapomwona daktari, na hadi dola 50 akienda chumba cha dharura bila kulazwa.

Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Mipango C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ughaibuni baada ya mgonjwa kulipa dola 250, mradi dharura itokee ndani ya siku 60 za kwanza za safari, na kwa kikomo cha dola 50,000 maishani. Kwa mzee anayekwenda kusalimia ndugu Mombasa au Bukavu, fao hili lina thamani. Akikusudia kukaa miezi mingi, litakuwa limekwisha kabla hajarudi.

Medigap hailipii dawa za Sehemu D, meno, miwani, vifaa vya kusikia, wala matunzo ya muda mrefu nyumbani au katika makao ya wazee.

Miezi 6 ya ulinzi

Miezi hii huanza mwezi ambao mtu ana miaka 65 au zaidi na ameshaandikishwa Sehemu B. Katika muda huo kampuni haiwezi kumkatalia mpango wowote inaouza wala kumpandishia bei kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa mwingine. Inaweza tu, kwa baadhi ya watu, kuchelewesha hadi miezi 6 kulipia maradhi waliyokuwa nayo. Aliyekuwa na bima nyingine kabla hupunguziwa au kufutiwa kungoja huko.

Muda huo ukipita, katika majimbo mengi kampuni inaruhusiwa kuuliza historia ya afya na kumkataa mwombaji. Connecticut, Maine, Massachusetts na New York huwapa wazee nafasi ya kununua bila kukataliwa wakati wowote au angalau kila mwaka. Kwingineko haki hurudi kwa sababu maalumu, kama vile kupoteza bima ya mwajiri. Hapo mtu ana siku 63 za kuomba.

Haki nyingine

Mwenye bima ana siku 30 za kuukagua mkataba na kurudishiwa fedha akiukataa. Maadamu analipa ada na alijaza fomu kwa ukweli, kampuni haiwezi kumfutia bima kwa sababu ameugua.

Ni kosa kumuuzia Medigap mtu aliye katika Medicare Advantage, isipokuwa kama anatoka huko. Medicare Advantage ni njia nyingine ya kupata Medicare kupitia kampuni binafsi. Huweka kikomo cha gharama za mwaka, lakini mara nyingi humfunga mgonjwa kwenye orodha ya madaktari na kudai idhini kabla ya matibabu. Aliyejiunga nayo mara ya kwanza alipotimiza miaka 65 anaweza kutoka ndani ya miezi 12 na kununua Medigap bila kukataliwa.

Mwenye kipato kidogo aulizie kwanza msaada wa jimbo lake wa kulipia ada za Medicare. Aliyekubaliwa katika ngazi ya msaada huo iitwayo QMB halipi ada ya Sehemu B, na daktari anakatazwa na sheria kumtoza asilimia 20, hivyo kwa kawaida hahitaji Medigap.

Ushauri wa bure, usiofungamana na kampuni yoyote, hutolewa katika kila jimbo na ofisi za SHIP. Simu ya Medicare ni 1-800-633-4227, na anayepiga anaweza kuomba mkalimani bila malipo. Malalamiko dhidi ya wakala au kampuni ya Medigap hupelekwa idara ya bima ya jimbo.