Ovataimu isamehewe kodi?

SWALI: Ovataimu ya wafanyakazi wa migodini hukatwa kodi sawa na mshahara. Kwa nini isisamehewe? — Msomaji, Kolandoto, Shinyanga

JIBU: Kisheria, ovataimu ni mapato ya ajira, hivyo hukatwa PAYE, yaani kodi inayokatwa moja kwa moja kwenye malipo ya mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka wiki ya kawaida ya saa 45. Zinazozidi hulipwa angalau mara moja na nusu.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mwenye mapato ya kutozwa kodi ya sh. 700,000 kwa mwezi hukatwa 56,000. Akipata ovataimu ya laki moja, makato hufika 78,000. Katika laki ile, 22,000 zimekwenda TRA. Kiwango cha asilimia 25 hugusa tu kinachozidi 760,000. Hivyo si kweli kwamba kupanda daraja la kodi hupunguza mshahara unaobaki mkononi.

Ufaransa ilitoa msamaha kama huo kwa ovataimu mwaka 2007. Wachumi Pierre Cahuc na Stéphane Carcillo waligundua kwamba muda halisi wa kazi haukuongezeka kwa kiasi cha maana. Kilichoongezeka ni ovataimu ya kwenye makaratasi. Msamaha ulifutwa 2012, ukarudi 2019.

Hapa kwetu, pengo la msamaha huo lingeonekana haraka. Mwajiriwa wa mgodi wa Geita au Mwadui angenufaika, lakini mwalimu asiyelipwa ovataimu asingepata kitu, hata kama mishahara yao inalingana.

Njia yenye haki zaidi ni kupandisha kiwango kisichotozwa kodi, sh. 270,000, ili nafuu iwafikie waajiriwa wote wanaokatwa PAYE.