Umelipia Gemu, Lakini Je, ni Yako? Soma Hii Kabla ya Kuweka PIN

Umechagua gemu, umeweka PIN, na SMS ya kuthibitisha malipo imeingia. Umepakua kwa bando zako mwenyewe. Unafungua ucheze, kumbe kuna ukurasa mrefu wa masharti na chini yake vitufe viwili: Nakubali na Nakataa. Ukibonyeza Nakataa, gemu haifunguki. Na pesa ilishatoka.

Wengi wetu hubonyeza Nakubali bila kusoma hata mstari mmoja. Hiyo inaeleweka, kwa sababu maandishi ni marefu na yameandikwa na mawakili. Lakini ukurasa huo ndio mkataba halisi kati yako na kampuni ya gemu. Leo tuuangalie pamoja: unasema nini, umewahi kuwagharimu wachezaji nini, na ufanye nini ndio pesa yako isiende hivyo tu.

Unanunua nini hasa?

Dukani wanaandika "nunua". Kwenye mkataba wanaandika "leseni", yaani ruhusa ya kutumia. Fikiria nyumba ya kupanga. Umelipa, funguo unazo, unalala humo, lakini huwezi kuiuza, na kanuni za ploti anaweka mwenye nyumba. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba anakuambia kanuni zake kabla hujatoa kodi ya kwanza. Kampuni nyingi za gemu zinakuonyesha zao ukishalipa.

Masharti utakayokutana nayo mara kwa mara ni haya:

- Huruhusiwi kuuza akaunti yako wala kumpa mtu mwingine.
- Kampuni inaweza kubadilisha masharti baadaye, na ukiendelea kucheza inahesabiwa umekubali.
- Kampuni inaweza kufunga akaunti yako au kuzima seva za gemu.
- Sarafu za ndani ya gemu huwezi kuzigeuza kuwa pesa taslimu, na kwa kawaida ukishazinunua hazirudishwi.

Mkataba unaokuja baada ya malipo una nguvu?

Swali hili lilifika mahakamani Marekani zamani kidogo. Mwaka 1996, katika kesi ya ProCD dhidi ya Zeidenberg, mahakama ya rufaa iliamua kwamba masharti ambayo mteja anayakuta baada ya kununua yanaweza kumfunga. Bidhaa yenyewe haikuwa gemu. Ilikuwa CD yenye orodha ya nambari za simu. Lakini kuna jambo moja katika uamuzi huo ambalo kila mteja anafaa kulishika: mnunuzi alikuwa na nafasi ya kusoma masharti, kuyakataa, na kurudisha bidhaa.

Hapo ndipo penye uzito wa somo letu. Kitufe cha Nakataa kina maana tu kama pesa yako inaweza kurudi. Kama hairudi, huna chaguo, una kitufe tu. Kwa hivyo swali la kwanza kabla ya kulipia gemu si bei. Ni hili: nikikataa masharti, nitarudishiwa pesa, na nina muda gani wa kuomba?

Yaliyowapata wengine

*PlayStation 3.* Sony ilianza kuuza mashine hii mwaka 2006 ikiwa na uwezo wa kuwekewa mfumo mwingine kama Linux. Tarehe 1 Aprili 2010 likaja sasisho la kuondoa uwezo huo. Ungeweza kulikataa, lakini basi hungeingia tena PlayStation Network. Yaani mtu alinunua mashine yenye vitu viwili, miaka ikapita, akaambiwa achague kimoja. Wateja walienda mahakamani.

*The Crew.* Gemu hii ya magari ya Ubisoft ilitoka Desemba 2014. Ilihitaji intaneti hata ukicheza peke yako. Ubisoft iliacha kuiuza Desemba 2023, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Hata aliyekuwa na diski mkononi alibaki na kipande cha plastiki. Wachezaji wawili walishtaki kampuni hiyo California, na utetezi wake ulikuwa kwamba wateja walipewa leseni yenye mipaka, hawakuuziwa umiliki.

*Fortnite.* Hii inatuhusu moja kwa moja sisi wa malipo. Desemba 2022, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Epic Games italipa dola milioni 245 za kurudishia wateja. Tume ilidai kwamba vitufe vya gemu vilipangwa kwa njia iliyowafanya watu walipe bila kukusudia, na kwamba wateja waliopinga malipo hayo kupitia kampuni za kadi walifungiwa akaunti zao. Ukifungiwa, vitu vyote ulivyonunua awali huvifikii.

Mambo yanaanza kubadilika

Baada ya The Crew kuzimwa, kampeni iitwayo Stop Killing Games ilianza mwaka 2024. Ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni 1 Julai 2025. California nayo ilipitisha sheria iliyoanza kufanya kazi mwaka 2025: duka la mtandaoni haliwezi kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Hata kabla sheria haijaanza, Steam ilikuwa imeweka tangazo la aina hiyo kwenye ukurasa wa kulipia.

Hapa Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sheria ya ulinzi wa wateja ya mwaka 2012 inataka muuzaji wa mtandaoni akupe maelezo muhimu, na nafasi ya kukubali au kukataa, kabla hujaingia kwenye mkataba. Malalamiko unaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Lakini tuwe wakweli: kampuni ikiwa nje ya nchi, kuifuata ni safari ndefu. Rahisi zaidi ni kujilinda mapema.

Fanya hivi kabla ya kuweka PIN

1. Tafuta masharti kwanza. Kampuni nyingi huyaweka kwenye tovuti yao. Huna haja ya kusoma yote. Tafuta sehemu za kurudishiwa pesa, kufungwa kwa akaunti na mabadiliko ya masharti.

2. Jua saa yako. Steam hukubali ombi la kurudishiwa ndani ya siku 14 tangu ununue, kama umecheza chini ya saa 2. Google Play huruhusu kuomba moja kwa moja kwao ndani ya saa 48. Kwa hivyo fungua gemu siku hiyo hiyo, usome, uamue. Usilipie leo ukaja kuifungua mwezi ujao.

3. Uliza kama inacheza bila intaneti. Gemu inayotegemea seva itaishi muda ambao kampuni inataka iishi.

4. Weka kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Usifute SMS ya malipo, na piga picha ya skrini ya bei na maelezo ya gemu. Ukiomba kurudishiwa, nambari ya muamala ndiyo shahidi wako.

5. Anza na muuzaji. Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa ajili ya pesa iliyoenda kwa nambari isiyofaa. Gemu ambayo hukupenda masharti yake ni suala la duka lililokuuzia.

6. Funga mlango wa watoto. Kama mtoto anachezea simu yako, weka Google Play iombe uthibitisho kwa kila malipo, na PIN yako ya pesa ibaki kichwani mwako.

7. Nunua sarafu za kutumia leo. Usirundike almasi za elfu tatu kwenye akaunti ambayo kampuni inaweza kuifunga. Pesa iliyobaki kwenye simu yako bado ni pesa. Ikishageuka almasi, ni leseni.

Hatukuambii usicheze. Gemu ni burudani, na kulipia burudani si dhambi. Tunachosema ni kwamba ukishaweka PIN, sehemu kubwa ya nguvu yako imeenda na pesa. Itumie ukiwa bado nayo. Kabla ya malipo yako yajayo ya gemu, tafuta jibu la swali moja tu: nikikataa masharti, pesa yangu itarudi? Kama hulipati popote, subiri kwanza.