SOMO: KUPIMA UAMINIFU WA MAONI YALIYOANDIKWA KATIKA BLOKCHENI



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi lipo daftari la kompyuta liitwalo blokcheni, lililoanza kutumika mwaka 2009 katika fedha ya Bitcoin. Mwaka 2018 kahawa ya Uganda iliuzwa Marekani ikiwa na kumbukumbu zilizowekwa kwa njia hiyo. Yafaa vyama vyetu vielewe daftari hili linaweza nini, na haliwezi nini.

Kila ukurasa wake hubeba muhuri wa tarakimu uliokokotolewa kutokana na ukurasa uliotangulia, na nakala huwekwa katika kompyuta nyingi. Mtu akibadili hata herufi moja ya zamani, mihuri haitalingana na hila itaonekana. Hivyo daftari hulinda maandishi yasigeuzwe. Halithibitishi kuwa yaliyoandikwa ni kweli.

Tutwae mfano wa karafuu, ambazo Shirika la ZSTC hununua kwa madaraja. "Gunia lina kilo 50" ni jambo la mizani. Yeyote aweza kulipima tena. "Karafuu hizi ni daraja la kwanza" ni hukumu ya mtu aliyetazama rangi, ukavu, makonyo na zile zilizovunda. Hukumu hiyo ikipotoka, ama mkulima hupunjwa, ama mnunuzi wa ng'ambo hudanganywa na jina la chama huharibika. Blokcheni nayo huhifadhi kosa hilo kwa uaminifu ule ule inaohifadhi haki.

Kwa hiyo, kabla ya kuyaamini maoni, katibu hana budi kuuliza:

1. Nani ametoa hukumu, na je, ananufaika nayo?
2. Alitumia kipimo gani, na siku gani?
3. Je, yupo mtu wa pili aliyehukumu bila ya kuonyeshwa jibu la kwanza? Mashahidi kumi walionakiliana ni shahidi mmoja.
4. Je, imewekwa sampuli yenye lakiri, ipimwe tena ukitokea ubishi?
5. Je, hukumu zake za nyuma zilithibitika mzigo ulipopimwa upya?

Kosa likigunduliwa halifutwi. Huandikwa sahihisho jipya lenye tarehe, sababu na jina, kama ipasavyo katika vitabu vyetu vya hesabu.

Zoezi: Katika mkutano ujao, wanachama wawili wapange daraja la sampuli moja ya karafuu, kila mmoja peke yake, kisha majibu yalinganishwe mbele ya wote. Wakihitilafiana, chama kikubaliane kwanza juu ya kipimo, ndipo kiandike.