Miche ya Mboga na Ugonjwa wa Saratani

Mwaka jana shangazi yangu alipatikana na saratani ya matiti. Kabla hajamaliza matibabu, mtu mmoja alimwuzia sokoni chupa ya maji ya kijani, akamwambia ni "miche yenye madini" na kwamba hospitali hataiona tena. Shangazi aliyanywa miezi miwili bila kurudi kliniki. Hapo ndipo nilipoanza kumsumbua mwalimu wetu wa bayolojia kwa maswali. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, miche hiyo ni nini? Ni mbegu zilizoota kwa siku chache tu, zikatoa vijani viwili. Inayochunguzwa sana ni ya brokoli, mboga ambayo ni ndugu wa toka nitoke wa sukuma wiki na kabichi. Mwaka wa 1997, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani walionyesha kwamba miche ya brokoli ya siku tatu ina glukorafanini mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa. Tunapoitafuna, kimeng'enya kilichomo huigeuza glukorafanini kuwa sulforafani. Nayo sulforafani huamsha vimeng'enya vya mwili vinavyoondoa sumu kabla haijaharibu seli. Ndiyo maana mboga ikichemshwa hadi ikapondeka, faida hii hupungua sana, kwani moto huharibu kile kimeng'enya.

Pili, madini huingiaje? Miche humwagiliwa maji yaliyotiwa seleni kidogo. Seleni inafanana na salfa, basi mmea huipokea vivyo hivyo na kuiweka majanini. Huko maabara, maji yaliyokamuliwa kutoka kwa miche ya aina hiyo yamewahi kupunguza kasi ya kukua kwa seli za saratani.

Je, hiyo ni tiba? La hasha! Seli zilizo ndani ya kisahani cha maabara si binadamu. Mwaka wa 2001 ulianza utafiti mkubwa kule Amerika Kaskazini, wanaume zaidi ya 35,000 wakishiriki. Wengine walipewa tembe za mikrogramu 200 za seleni kila siku ili ionekane kama zitawakinga na saratani ya tezi ya kibofu. Mwaka wa 2008 tembe zilisimamishwa kwa kuwa hazikuwakinga. Zaidi ya hayo, mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 tu kwa siku. Ikizidi sana, nywele hunyonyoka na kucha huvunjika. Sasa ile chupa ya sokoni, nani alipima kilichomo?

Msinielewe vibaya, wenzangu. Sukuma wiki tuile, tena tusiipike ikaiva kupita kiasi. Lakini mboga hujenga na kukinga mwili. Uvimbe ulioshaota unamhitaji daktari.

Shangazi amerudi kliniki. Daktari hakumgombeza, ila alimwambia ile miezi miwili ilikuwa na thamani. Siku hizi mimi ndiye ninayemkumbusha tarehe zake, na jioni namkatia mboga. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ukisikia mtu wa kwenu akiambiwa aache dawa kwa sababu ya chupa, usinyamaze hata kama wewe ni mtoto. Mimi nilichelewa kusema.