Gemu Rahisi na Ngazi Ndefu



Likizo iliyopita nilikuta Game Boy ya zamani kwenye sanduku la kaka yangu. Nikaweka betri nne, ikawaka. Ndani yake kulikuwa na Kirby's Dream Land, gemu niliyoipenda sana nikiwa darasa la pili. Kirby ni kiumbe cha duara kama andazi. Mfalme Dedede ameiba chakula cha watu, naye Kirby anapita hatua tano kukirudisha.

Niliimaliza haraka sana. Nikasema, "Aa, kumbe rahisi hivi? Hii ya watoto." Nikampa mpwa wangu wa miaka sita.

Kumwangalia yeye akicheza ndiko kulikonipa somo la leo. Katika gemu nyingi za kurukaruka, ukikosea mruko mmoja unatumbukia shimoni, umekufa. Dogo alikosea kila mara. Lakini akibonyeza kitufe cha juu, Kirby anajaza hewa, anavimba kama puto na kupaa. Akigongwa na adui hafi papo hapo, maana ana nguvu sita na zinapungua moja moja. Dogo akawa anacheka tu, anaendelea.

Hiyo haikutokea kwa bahati. Gemu hii ilitoka mwaka 1992 katika kampuni ya HAL Laboratory ya Japani. Aliyeibuni, Masahiro Sakurai, alikuwa na miaka 21. Aliona gemu nyingi za wakati ule ni ngumu mno kwa anayeanza, akaamua kumtengenezea huyo anayeanza. Anayetaka ugumu naye hakusahaulika: ukishamaliza, unaoneshwa vitufe vya kufungua mchezo mkali zaidi. Yaani urahisi ule haukutokana na uvivu. Mtu mwenye uwezo aliinama ili mdogo naye apite.

Hapo moyo ukanichoma, ndugu zangu. Wiki mbili kabla, nilikuwa nasaidia mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Binti mmoja alishindwa kusali Nasadiki bila kuangalia kitabu. Nikamwambia mbele ya wenzake asubiri mpaka atakapokuwa tayari. Watoto wakacheka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Mimi nikajisemea moyoni, "Imani siyo mchezo."

Nimesoma falsafa miaka mitatu, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino namtaja kila siku. Lakini Summa Theologiae, kitabu kinachotutoa jasho, kinaanza kwa mwandishi kueleza kwamba anataka kuwafundisha wanaoanza kwa namna inayowafaa. Analalamika hata kuhusu maswali mengi yasiyo na faida yanayowachosha. Mimi nilikimbilia hoja nzito, ukurasa wa kwanza nikaupita kama kibao cha barabarani.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu naye alilijua jambo hili. Aliona lifti katika safari yake ya Italia mwaka 1887. Baadaye, akijiona mdogo mno kupanda ngazi ya ukamilifu, alitafuta lifti ya kumfikisha kwa Mungu, akaipata: ni mikono ya Yesu. Alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Utauliza, "Frateri, kwa hiyo tulegeze kila kitu?" Hapana. Hata kwa Kirby kupaa peke yake hakumshindi bosi. Ule mti, Whispy Woods, unamwangushia matufaha. Lazima asimame, ayavute mdomoni, autemee. Teresa naye aliteseka kwa kifua kikuu. Msalaba upo, na binti yule bado anatakiwa kuijua Nasadiki. Ila tofauti ni kubwa kati ya mlango ulio wazi kwenye njia ngumu na mlango uliofungwa. Soma Mathayo 18:1-10. Yesu hakumwambia yule mtoto akue kwanza ndipo asimame katikati. Aliwaambia wakubwa wageuke.

Nilimwomba katekista tukaenda nyumbani kwa binti. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Nilikukosea, nisamehe." Hakujibu, aliangalia chini tu. Jumamosi akaja, akakaa karibu na mlango. Tukasali Nasadiki wote pamoja, polepole, sentensi moja moja.

Na wewe kijana ambaye umeacha kwenda kuungama kwa sababu dhambi ni ile ile kila mwezi, nakuomba usisubiri uwe hodari kwanza. Umetumbukia? Nyosha mikono juu, upo anayekuinua.

Maswali ya kujitafakari
1. Ni nani aliyeacha kuja kwenye jumuiya, kwaya au VIWAWA kwa sababu ya neno langu?
2. Jambo gani ninaloliona rahisi bado ni mlima kwa mdogo wangu?
3. Nimejiwekea ngazi gani ambayo Yesu hakuniwekea?

Tusali
Ee Yesu, uliyeinama kwetu, utuinue tunapoanguka, nasi tusiwe shimo katika njia ya wadogo. Amina.